Bata wa Duck Hunt na Runinga ya Kisogo

Anayeurudia leo mchezo wa Duck Hunt kwenye simu huuacha upesi, akijiuliza watu waliupendea nini. Bata anaruka kutoka nyasini, una risasi tatu, ukikosa mbwa anachomoza na kukucheka. Basi. Nintendo iliutoa mwaka 1984, na ni rahisi kusema umezeeka. Mimi nadhani hukumu hiyo inatolewa juu ya nusu ya mchezo, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa ndani ya runinga ya kisogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene. Bunduki ya kuchezea iliyotumika kuwalenga bata haikurusha chochote, ilipokea tu: mdomoni mwake kuna lenzi na kihisi cha mwanga. Ukifyatua, kioo kizima kinakuwa cheusi, kisha pale alipo bata panachorwa mraba mweupe. Katika mfumo wa PAL uliotumika Kenya, kila picha hukaa sehemu ya 50 ya sekunde, hivyo jicho huona mmweko tu. Kihisi kikipata giza halafu mwanga, bata ameanguka. Giza hilo la kwanza humzima mjanja anayelenga balbu ya dari. Rangi haina kazi hapa. Ndiyo maana hata runinga ya Great Wall isiyo na rangi, ile iliyowashwa kwa betri ya gari kwenye maboma yasiyo na stima, ingeweza kuuchezesha kupitia tundu la antena.

Runinga bapa za leo, kinyume chake, huishughulikia picha kwanza kabla ya kuionyesha. Mraba unapotokea, mashine ya mchezo imeshamaliza kukagua na kuhesabu umekosa, hata ukigusisha bunduki kwenye kioo. Atakayejibu kwamba siku hizi kuna bunduki zenye kamera ana hoja, na Nintendo yenyewe iliurudisha mchezo kwenye mashine yake ya Wii U mwaka 2014 kwa kidhibiti cha Wii. Lakini kwa kidhibiti hicho unasogeza alama kwenye kioo, hulengi kwa jicho na mkono. Na kwenye simu unamgusa bata kwa kidole, jambo ambalo hata mtoto wa chekechea haliiti kuwinda. Kwa aliye Kitale au Bungoma anayetaka kuucheza kama ulivyokuwa, kifaa adimu si kaseti, maana mchezo wenyewe haujapotea. Ni runinga ya kisogo iliyo hai, na inafaa kuulizia kwa mafundi wa redio mapema, kabla koili zake hazijang'olewa kuuzwa kama shaba.