Faili Imekataa Kufutika? Usifomati Flashi Bado

Wiki ya mwisho ya Juni saiba nyingi hapa nchini hujaa. Kila mtu anakimbizana na ritani za KRA kabla ya tarehe 30, na wenye maduka na mawakala wanakuja na flashi zao: taarifa za miamala ya mwaka mzima uliopita, hesabu za mauzo, risiti zilizopigwa picha. Unachomeka flashi, unaifungua, unashangaa. Folda zako zote zimegeuka kuwa njia za mkato, zile tunazoita shotikati, zenye kamshale kadogo pembeni. Unafuta moja, inarudi. Unajaribu nyingine, kompyuta inakwambia huna ruhusa. Jirani wa kiti cha pili anakupa ushauri wa bure: "Fomati tu, itakuwa sawa."

Hapo ndipo hesabu za mwaka mzima hupotea. Na kinachouma ni kwamba mara nyingi zilikuwa bado zimo ndani ya flashi, zimefichwa tu.

Kuficha faili si uchawi. Kwenye Windows kila faili ina alama ndogo zisizoonekana, na mbili kati yake ndizo zinatuhusu leo. Moja inasema "nimefichwa", nyingine inasema "mimi ni mali ya mfumo". Faili yenye alama zote mbili haionekani kabisa hadi uende kwenye mipangilio na kuilazimisha kompyuta ikuonyeshe. Microsoft waliweka utaratibu huu kwa sababu nzuri tu: watu wasifute vitu ambavyo bila hivyo kompyuta haiwaki. Shida ni kwamba wanaotengeneza virusi nao wanajua kuzitumia alama hizo.

Kwa hivyo ukiona folda usiyoijua, jiulize kwanza ni ya nani. Ile inayoitwa System Volume Information, kwa mfano, inatisha watu sana. Iko kwenye karibu kila flashi iliyowahi kuchomekwa kwenye Windows ya miaka ya karibuni, na hata ukiifuta inarudi. Si kirusi. Kwenye diski ya ndani ya kompyuta ndimo Windows inamoweka kumbukumbu za kuirudisha kompyuta ilivyokuwa mambo yakiharibika. Kwenye flashi huwa ina faili mbili tatu ndogo zisizokula nafasi. Iache. $RECYCLE.BIN nayo ni pipa la taka tu, na kila diski ina lake.

Halafu kuna zile kubwa. Laptopu ikilalamika imejaa, mtu akichungulia faili zilizofichwa kwenye diski C anakutana na hiberfil.sys na pagefile.sys, zimekula gigabaiti kadhaa, na zote mbili zinakataa kufutika. Ya kwanza huhifadhi kazi zako kompyuta inapolala usingizi mzito. Ya pili inaisaidia kumbukumbu inapozidiwa. Hazifutwi kwa kubofya. Kama hutumii ule usingizi mzito, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, na hiberfil.sys itaondoka yenyewe. Ile nyingine usiiguse. Na Windows.old, folda inayobaki baada ya kupandisha toleo jipya, iondoe kupitia Disk Cleanup, ama uisubiri: kwa kawaida Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10.

Turudi kwenye flashi ya hesabu, manake hapo ndipo kuna pesa.

Kirusi cha shotikati kinafanya kazi hivi. Kinazipa folda zako halisi zile alama mbili ili zisionekane, kisha kinaweka njia ya mkato yenye jina lile lile. Wewe unabofya ukidhani unafungua "Mauzo", kumbe unakiamsha kirusi kiingie kwenye kompyuta, na flashi itakayofuata kwenye kompyuta hiyo nayo inaambukizwa. Familia moja maarufu ya virusi iliyosambaa sana kwa flashi ni Andromeda, ambayo pia huitwa Gamarue. Novemba 2017 FBI na Europol, wakishirikiana na wengine, waliuvunja mtandao wake, lakini ujanja wenyewe wa kuficha folda haukufa nao.

Kabla ya kufanya lolote, fanya jaribio hili la nusu dakika. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, uangalie nafasi iliyotumika. Kama inasema gigabaiti mbili na wewe unaona shotikati tano tu, pumua. Faili zako zimo.

Sasa usibofye shotikati yoyote. Tumia kompyuta yenye kinga ya virusi iliyosasishwa, hata ile Windows Security inayokuja na mashine inatosha, na ukague flashi nzima kwanza. Kirusi kikiondolewa, angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme ni E, kisha fungua dirisha la amri uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo inavua alama: ya kufichwa, ya kusomwa tu, na ya mfumo, ndani ya folda zote. Hakikisha herufi ni ya flashi yako na si C, maana utazifichua faili za mfumo ambazo ni afadhali zibaki zilivyo. Folda zako zitarudi. Wakati mwingine utazikuta zimehamishiwa ndani ya folda isiyo na jina kabisa, kama nafasi tupu. Ifungue, ni zako hizo. Nakili hati na picha zako mahali salama, uache nyuma shotikati na chochote kinachoishia na .exe, .vbs au .js ambacho hukukiweka wewe. Hapo sasa ndipo unaweza kufomati.

Na zile ambazo hazina kirusi lakini bado zimegoma? Karibu kila mara kuna sababu, na sababu ndiyo dawa.

Ya kawaida kabisa ni kwamba kuna programu imeishikilia. Umefungua taarifa yako ya miamala kwenye kivinjari, kisha unataka kuifuta, kompyuta inakataa. Funga kivinjari. Kama huoni ni nani ameishika, Windows ina chombo kinaitwa Resource Monitor: kitafute kwa jina resmon, nenda sehemu ya CPU, andika jina la faili kwenye kisanduku cha Associated Handles, na mshikaji ataonekana. Kuzima na kuwasha upya pia husaidia, watu wanacheka lakini ni kweli.

Sababu ya pili ni jina refu. Windows kwa kawaida inahesabu njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho, na ikizidi herufi 260 inachanganyikiwa. Wale wa kupanga folda ndani ya folda ndani ya folda, mnajijua. Badilisha jina la folda ya juu liwe herufi moja, kisha ufute.

Kisha kuna majina yaliyokatazwa, na hii mimi huipenda kwa sababu ni ya kizee. Tangu enzi za MS-DOS, majina kama CON, PRN, AUX na NUL yametengwa kwa ajili ya vifaa, kama printa. Faili yenye jina hilo ikiletwa kwenye diski yako na mfumo mwingine au programu mbaya, Windows inaweza kugoma kuifuta. Kuna mlango wa nyuma: kwenye dirisha la amri andika del, kisha anwani kamili ya faili ndani ya alama za kunukuu, ukitanguliza \\?\ mbele yake. Kwa mfano del "\\?\E:\mauzo\con". Itaondoka.

Flashi nzima ikikataa kuandikwa au kufutwa, angalia kama ni kadi ya kumbukumbu yenye kaswichi kadogo ubavuni. Kakishushwa, kadi imefungwa. Kama hakuna swichi, huenda mpangilio wa faili umeharibika kwa sababu ya kuchomolewa ghafla. Chkdsk E: /f hurekebisha mengi, ila nakili unachoweza kwanza.

Utagundua sijataja kupakua programu yoyote ya kulazimisha kufuta. Ni makusudi. Ukitafuta mtandaoni utapata nyingi za bure, na baadhi yake zinabeba mzigo mbaya kuliko kirusi ulichokuwa nacho: zinarekodi unachoandika, zikiwemo nywila za barua pepe na za benki. Ukihitaji msaada zaidi, Microsoft wana PowerToys, ya bure, na ndani yake kuna File Locksmith ya kuonyesha nani ameshikilia faili. Ipakue kwao wenyewe. Na jamaa akikupigia akisema anaweza kuitibu kompyuta yako kwa mbali, bora umtajie namba ya siri ya akaunti yako ya pesa "kuthibitisha", huyo ni tapeli. Hakuna faili duniani inayofutwa kwa PIN. Hata sisi hatukuulizi.

Kwenye simu ya Android mambo ni mepesi kidogo. Folda inayoanza na nukta, kama .thumbnails, imefichwa kwa kawaida, na hiyo ni picha ndogo ndogo tu ambazo simu itazitengeneza tena. Folda ya data ndani ya Android, tangu toleo la 11, programu nyingi za kusimamia faili haziwezi kuifungua. Usipoteze jioni yako ukihangaika nayo. Kama kuna programu imejaza nafasi, nenda kwenye mipangilio, uichague, ufute akiba yake ya muda.

La mwisho ni kwa wanaochapisha taarifa saiba. Hapo tatizo linageuka: faili inafutika kwa macho lakini bado ipo. Taarifa yako ina majina na namba za watu uliowatumia pesa, na kama wewe ni wakala, ni za wateja wako. Ukibonyeza Delete kwenye kompyuta ile imeenda tu kwenye pipa, na anayekaa baada yako anaweza kuirudisha. Ifungue moja kwa moja kutoka kwenye flashi ukiweza. Kama uliipakua, ingia Downloads, iteue, ubonyeze Shift na Delete kwa pamoja, utoke kwenye barua pepe yako, ndipo uchomoe flashi kupitia Eject na ulipe.