Hodi Kabla ya Mzigo

Kijana mmoja wa ofisini kwetu aliniambia juzi kwamba wazee wa Usenet walikuwa wachoyo wenye maneno makali: mtu akileta programu ya bure, badala ya kushukuriwa alikaripiwa. Mimi niliishi kati ya watu hao nikiwa mwanafunzi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na siwezi kuwaacha wasemwe hivyo.

Kwanza ijulikane mji wao ulivyojengwa. Usenet, mtandao wa kompyuta wenye vikundi vya mazungumzo, ilibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis. Haikuwa na mwenye mji wala ghala moja la katikati. Ujumbe wako ulinakiliwa na kompyuta ya jirani, jirani akaupeleka kwa jirani yake, mpaka ukakaa kwenye maelfu ya mashine duniani. Miaka ya mwanzo kompyuta nyingi zilipigiana simu usiku, gharama zikishuka. Kwa modemu ya biti 2,400 kwa sekunde, faili la MB 1 lilichukua dakika 70 hivi. Na kwa kuwa njia ile ilipitisha maandishi tu, programu iligeuzwa kwanza kuwa herufi, kila baiti 3 zikawa herufi 4. Zile dakika 70 zikapita saa moja na nusu. Gharama hiyo hakuibeba mtumaji peke yake. Kila mwenyeji njiani alilipa, hata yule ambaye kwake hapakuwa na mtu mmoja anayelitaka faili hilo.

Hapo ndipo mila zao zilipozaliwa, na ninayoipenda kuliko zote ni kupiga hodi. Baadhi ya mashine hazikupokea ujumbe uliozidi KB 64, kwa hiyo faili kubwa lilikatwa vipande, kila kimoja na namba yake kwenye kichwa cha habari: 1/7, 2/7, hadi 7/7. Mbele ya vipande hivyo ilitangulia sehemu ya 0, isiyo na programu ndani yake. Ilikuwa mistari michache tu: jina la programu, kazi yake, kompyuta inayoifaa, ukubwa wake, ni ya bure au ya kujaribu kisha ulipe. Mtu akasoma, akaamua kama apokee mzigo au aupishe. Kipande kikipotea njiani, hukudai faili zima upya. Ulimwandikia mtumaji faraghani ukataja namba: nimekosa cha 4.

Mila ya pili ilikuwa kutenga baraza na ghala. Penye mazungumzo hapakutuliwa mizigo. Mizigo ilikuwa na vikundi vyake, au iliwekwa kwenye seva ya FTP, yaani ya kupakulia mafaili, na barazani ikatajwa anwani tu. Tarehe 5 Oktoba 1991, Linus Torvalds alipowaandikia watu wa kikundi cha comp.os.minix kuhusu mfumo wake wa kompyuta, Linux, hakuwamwagia programu pale. Aliwaeleza ni kitu gani, akawaelekeza kwenye seva moja ya Ufini. Aliyetaka akaifuata huko.

Na mgeni wa seva alikuwa na adabu zake. Uliingia kwa jina la anonymous, na palipotakiwa nenosiri uliandika anwani yako ya barua pepe, ili mwenye nyumba amjue aliyepita kwake. Hukwenda wenyeji wakiwa kazini. Mimi nilihesabu saa za St. Louis, Marekani, kabla ya kuligusa ghala la Chuo Kikuu cha Washington, nikangoja huko kuwe usiku.

Sahihi ya chini ya ujumbe isizidi mistari minne: hiyo nayo ilikuwa mila, inatosha kuitaja.

Ukali ulikuwepo, sikatai. Ulikuwa ukali wa somo anayemfunda mwari. Kila Septemba vyuo vilileta wanafunzi wapya, wakaambiwa wasome kimya kwanza, na baada ya wiki chache wakawa wenyeji. Kuanzia mwaka 1993 wageni wakaingia kila siku, wengi kuliko walimu, na wazee wakakiita kipindi hicho Septemba isiyokwisha. Baadaye wezi wa kazi za watu wakayajaza maghala, hao siwatetei. Chuo cha Duke, palipozaliwa Usenet, kilizima seva yake Mei 2010. Google nayo ikafunga mlango wake wa Usenet tarehe 22 Februari 2024.

Sasa nimuulize kijana wangu: mchoyo ni nani? Leo mtu anatupa faili la MB 300 kwenye kikundi cha WhatsApp bila neno hata moja, lina nini, la simu gani. Yupo dada mle aliyenunua bando la MB 500 limfikishe Ijumaa, na simu yake inapakua yenyewe. Zaidi ya nusu ya bando inaisha kabla hajaiona picha ya mpwa wake. Gharama ya mzigo bado wanalipa wengine. Kilichopotea ni hodi.

Katika kikundi chetu cha wahitimu bado ninaandika mstari kwanza: jina la faili, MB zake, simu inayolifaa, nani analihitaji. Wiki iliyopita, kati ya wenzangu 56, walijibu wawili. Nikawatumia hao wawili.