Kabla ya kuukata mti, nani ameupalilia?



Kwenye sharika zetu za huku mlimani, ibada ya Jumapili haiishii kwenye baraka ya mchungaji. Watu wanatoka, wanasimama nje ya kanisa, na mnada unaanza. Utaona mkungu wa ndizi, kuku, debe la mahindi, na mayai ya bibi ambaye hakuwa na fedha akamtolea Mungu alichonacho. Ndio wakati wa kusalimiana na kuulizana habari za wagonjwa. Ndio wakati wa mpira pia.

Kuna Jumapili moja siisahau, ya Novemba 12, 2023. Wiki moja kabla, Jumapili ya Novemba 5, Simba ilikuwa imefungwa na Yanga mabao 5-1 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Jumanne yake klabu ikatangaza kuachana na kocha wake Mbrazili, Roberto Oliveira, yule tuliyemzoea kwa jina la Robertinho. Basi siku hiyo mnadi alipaza sauti mpaka ikakauka, lakini wanaume karibu wote walikuwa wamejikusanya chini ya mparachichi.

"Mzee, shikamoo," kijana mmoja wa bodaboda akaniambia. "Wewe ni Simba wa siku nyingi. Hebu sema, kocha ameonewa au hakuonewa?"

"Marahaba. Tano ni nyingi, mwanangu," nikajibu.

"Lakini si yeye aliyekuwa anakaba," akadakia mwingine. "Agosti aliwafunga hao hao Yanga kwa penalti kule Tanga, akabeba Ngao ya Jamii. Mbona siku ile hamkusema hafai?"

"Mangi, mpira hauna jana," akajibiwa. "Aende. Aletwe mwingine."

Mjadala ukahamia kwa huyo mwingine. Huyu akamtaka mzawa, yule Mwarabu, mwingine Mzungu. Kila mmoja alikuwa na jina lake mfukoni. Hapo ndipo akapita mama mmoja mtu mzima, mkungu wa ndizi alioununua kichwani. Akasimama kidogo.

"Na leo mnamfukuza nani tena?" akauliza. "Maana mwalimu wa kwaya mlishamaliza naye."

Akaenda zake. Tulicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Watatu kati yetu tuliokuwa pale chini ya mti tulikuwa wazee wa kanisa, na mama yule alijua anachosema. Nitarudi huko.

Tuanze na mpira. Mrithi wa Robertinho, Abdelhak Benchikha kutoka Algeria, alitangazwa kabla mwezi ule haujaisha. Alikuja na sifa kubwa, kwa kuwa miezi michache nyuma alikuwa ameipa USM Alger Kombe la Shirikisho Afrika mbele ya Yanga. Mwishoni mwa Aprili 2024 naye akawa ameondoka. Juma Mgunda akaimalizia ligi, na Simba ikashika nafasi ya tatu. Msimu mmoja, mikono mitatu.

Watani wetu wa Jangwani wasicheke. Yule Miguel Gamondi aliyetufunga tano aliwapa ubingwa wa msimu ule. Novemba 2024, mwaka mmoja tu baada ya zile tano, Yanga ikapoteza mechi mbili mfululizo, dhidi ya Azam na Tabora United. Mwezi huo huo Gamondi akaonyeshwa mlango. Waliomwimba wakawa wa kwanza kusema muda wake umekwisha.

Na sisi tunaojaza vibanda umiza vya Moshi mjini kuangalia ligi ya Uingereza tunajua habari ya Manchester United. Alex Ferguson alianza kazi Novemba 1986. Kombe lake la kwanza pale alilipata Mei 1990, na ubingwa wa ligi mwaka 1993. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa ameuchukua ubingwa huo mara 13. Mrithi wake, David Moyes, alipewa mkataba wa miaka sita. Hakumaliza hata msimu mmoja.

Mpendwa msomaji, Bwana Yesu aliwahi kusimulia habari inayofanana sana na hii. Tunaisoma katika Luka 13, mstari wa 6 hadi wa 9. Mtu mmoja alikuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Kwa miaka mitatu alikuja kutafuta tunda, asilipate. Akamwagiza mtunza shamba aukate, kwa nini uendelee kula ardhi bure? Mtunza shamba akamwombea ule mti mwaka mmoja zaidi. Lakini hakuomba muda mtupu. Aliahidi kuuchimbia pembeni na kuutilia samadi. Ukizaa, vema. Usipozaa, basi ukatwe.

Sisi wa kihamba tunaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Mti wa kahawa hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana. Katikati hapo kuna kupalilia, kupogoa, kubeba samadi kutoka zizini na kuusogeza mgomba unaoubana. Mzee anayekaa barazani miaka mitatu halafu akashuka na panga kuulaumu mti, majirani watamcheka. Watamuuliza, samadi ulipeleka lini?

Angalia tena mfano ule. Mwenye shamba hakuwa mkatili. Alikuwa na haki ya kutaka tunda, na mtunza shamba hakumbishia. Kwa hiyo sisemi kocha asiondolewe kamwe, wala kwamba kiongozi wa kanisa asiyetimiza wajibu aachwe mpaka nyumba ianguke. Siku ya kukata ipo. Ila kuna swali linalotangulia panga, na swali hilo halimhusu mti. Linatuhusu sisi tulioshika jembe.

Sasa nirudi kwa mwalimu wa kwaya.

Kwaya yetu ilishika mkia kwenye mashindano. Baraza tukakaa jioni moja, na haikupita saa moja tukawa tumemwondoa mtu aliyefundisha miaka 11. Mimi ndiye niliyetoa hoja. Nilisema tunahitaji damu mpya, maneno niliyoyachukua kwenye uchambuzi wa mpira redioni. Hakuna aliyeuliza kinanda kiliharibika lini. Kilikuwa na miaka miwili kimelala stoo, na ombi la kukitengeneza lilikuwa kwenye faili letu wenyewe. Hakuna aliyeuliza vijana wa sauti ya tatu walikwenda wapi. Walikwenda Arusha na Dar es Salaam kutafuta maisha, na baadhi yao ni wanetu. Hakuna aliyeuliza nauli ya kuja mazoezini mara mbili kwa wiki aliitoa wapi. Aliitoa mfukoni mwake.

Hatukumwita kumsikiliza. Tulimpelekea barua kwa mkono wa kijana.

Mwalimu mpya alikuja na kinanda chake, akakaa miezi minne, akapata kazi kwingine akaondoka nacho. Kwaya ikabaki na watu tisa. Yule wa zamani hakuhama usharika. Kila Jumapili alikuja akakaa benchi la nyuma, na ukisikiliza vizuri wakati wa nyimbo, ulimsikia akiishika sauti ya tatu taratibu, peke yake.

Musa alipoambiwa kwamba safari yake inaishia mlimani, hakuuliza watamkumbuka vipi. Katika Hesabu 27 anamwomba Mungu aweke mtu juu ya mkutano, wasije wakawa kama kondoo wasio na mchungaji. Kisha anamsimamisha Yoshua mbele ya watu wote na kumwekea mikono, akiwa bado hai. Anayeondoka anaheshimiwa, anayeingia anabarikiwa, na watu wanaona yote mawili kwa macho yao. Sisi kwenye mpira tunaufunga mlango kwanza ndipo tunatafuta ufunguo. Kanisani, ambako tunaisoma habari ya Musa na Yoshua, tulifanya vibaya zaidi.

Jumapili ile ya mnada niliondoka na maneno ya mama wa ndizi. Wiki nzima yalikaa na mimi. Jumamosi asubuhi nikakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba changu. Wasomaji wa mbali labda hawajui: kwetu Wachagga, mtu akikujia na jani la sale amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumfukuza mlangoni. Nilipofika, mwalimu alikuwa akipalilia kahawa. Aliliona jani kabla hajaniona usoni. Nilimweleza kosa langu kwa maneno machache, maana mengi yangekuwa ya kujitetea.

Alinyamaza. Kisha akalipokea lile jani, akasema, "Mzee, kinanda mmeshakitengeneza?"

Nikasema bado.

"Basi anzeni na hicho."

Hakurudi kufundisha, na sikuwa na haki ya kumdai hilo. Lakini mnada wa Jumapili iliyofuata tuliuelekeza kwenye kinanda, na mkungu wangu wa ndizi niliununua mwenyewe kwa bei ambayo mke wangu bado anaisema.

Mpendwa msomaji, leo baada ya ibada utamkuta mtu wa kumjadili. Huenda ni kocha. Huenda ni mchungaji, mwalimu wa shule, mwenyekiti wa kikundi chenu, au kijana wako ambaye mwaka wa tatu huu hujaona tunda lake. Kabla hujasema aende, jiulize umemchimbia wapi na umempelekea samadi lini. Kama hukumbuki, chukua jembe kwanza.

Jumapili njema. Mungu akubariki.