Mpanda Milima na Deni la Tambarare

Julai 25, 2015, kwenye kona za mlima Alpe d'Huez, Nairo Quintana wa Kolombia alimwacha Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeendesha kwa bendera ya Uingereza. Alifika kileleni akiwa mbele yake kwa dakika 1 na sekunde 20. Kesho yake, jijini Paris, aliyetawazwa bingwa wa Tour de France alikuwa Froome. Quintana alikuwa wa pili, nyuma kwa dakika 1 na sekunde 12. Ukitaka kujua alipoipotezea jezi ya njano ya bingwa, rudi wiki tatu nyuma, kwenye barabara za Uholanzi zisizo na hata kilima.

Kwanza tuuelewe mlima. Alpe d'Huez ina urefu wa kilomita 13.8 na mwinuko wa wastani wa asilimia 8.1, yaani katika kila mita 100 unapanda mita 8 hivi. Hapo mwendo hushuka hadi kilomita 20 kwa saa au zaidi kidogo, na kazi kubwa ni kuuinua mwili pamoja na baiskeli. Kwa hiyo kinachopimwa ni nguvu kwa kila kilo ya mwili. Mwendeshaji wa kilo 58 akitoa wati 350, ana takriban wati 6 kwa kila kilo. Mwenye kilo 75 lazima atoe wati 450 ndipo walingane. Wepesi nao una mpaka: shirikisho la kimataifa, UCI, haliruhusu baiskeli yenye uzito chini ya kilo 6.8, hivyo mtu mdogo hupandisha chuma kilekile anachopandisha pandikizi la mtu.

Quintana ni wa kundi hilo la wepesi. Alikulia Cómbita, mkoani Boyacá, takriban mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko hata Iten ya wanariadha wa Kenya. Shuleni alikwenda kwa baiskeli, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kupanda. Mwaka 2013, katika Tour yake ya kwanza, alishika nafasi ya pili na kutwaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima. Mwaka 2014 akawa Mkolombia wa kwanza kushinda Giro d'Italia. Katika Giro hiyo alishinda hata hatua ya kukimbizana na saa, ambayo kila mtu huendesha peke yake, lakini tazama ilikopita: ilipanda mlima Monte Grappa.

Kwenye tambarare hesabu hugeuka. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, karibu nguvu zote huishia kupambana na hewa, na hewa haimpimi mtu kwa kilo. Ukitaka kuongeza kasi mara mbili, nguvu ya kuipasua hewa hupanda mara nane. Mwenye misuli mikubwa ana wati nyingi zaidi, ilhali kifua chake hakizuii upepo zaidi kwa kiasi hicho hicho. Mwepesi hana budi kujificha nyuma ya wenzake.

Upepo ukivuma kutoka ubavuni, hata maficho hayo huwa haba. Waendeshaji hujipanga mshazari, kila mmoja akijikinga kwa aliye upande wa upepo, hadi barabara inapokwisha upana. Asiyepata nafasi hubaki ukingoni akipigwa na upepo mzima. Akiachia gurudumu lililo mbele yake kwa mita chache tu, msafara umekatika, na walio nyuma yake wamekwama naye. Ndivyo ilivyokuwa Julai 5, 2015, kwenye mvua na upepo wa Zeeland, Uholanzi. Froome alikuwa kundi la mbele. Quintana alikatiwa nyuma na kupoteza dakika 1 na sekunde 28. Ni kweli kwamba baadaye Froome alimwongezea dakika nyingine moja na ushei katika milima ya Pyrenees, lakini hasara ya siku ile moja ya upepo ilizidi pengo lote la mwisho.

Somo lilimwingia. Katika mbio za Vuelta a España za 2016, hatua ya kwenda Formigal, mpinzani wao Alberto Contador alishambulia katika kilomita za mwanzo kabisa. Safari hii Quintana alikuwa macho na akaondoka naye, huku Froome akibaki nyuma. Siku hiyo Froome alipoteza zaidi ya dakika mbili na nusu. Baadaye, katika kukimbizana na saa, alirudisha dakika 2 na sekunde 16, lakini Quintana alishinda Vuelta kwa dakika 1 na sekunde 23. Bila Formigal asingeshinda.

Tangu hapo hajashinda tena mbio za wiki tatu kama hizo. Nafasi yake ya sita katika Tour ya 2022 ilifutwa kwa kosa la kutumia tramadoli, dawa ya maumivu ambayo UCI ilikuwa imeipiga marufuku mashindanoni. Mwaka 2023 alikaa bila timu, akarejea timu yake ya zamani, Movistar, mwaka 2024.

Basi Julai ikifika, usisubiri siku za milima ndipo uwashe runinga. Tazama hatua za wiki ya kwanza, hasa zile za pwani, na uangalie mpanda milima unayemshabikia yuko wapi upepo unapogeuka. Akiwa mkiani, anza kupunguza matumaini.