Matibabu Yakienda Vibaya: Siku Zinahesabiwa



Tukitembelea vikundi vya Kitengela na Kajiado tunaulizwa sana swali hili: mtu wetu akiumizwa hospitalini, twende wapi? Wengi hunyamaza. Wengine huja kuuliza muda umeshapita. Basi leo tuelezane.

Si kila mwenye koti jeupe ni daktari

Kwetu yeyote anayedunga sindano tunamwita daktari. Sheria inawatenganisha. Daktari huandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), lililoitwa Bodi hadi mwaka wa 2019. Afisa wa kliniki ana baraza lake, na muuguzi ana lake. Leseni ya daktari huisha kila tarehe 31 Desemba. Ukiingia kliniki ya mtaani, angalia ukutani: ni jina la nani, na ni la mwaka gani? Kuuliza si kukosa adabu. Anayejifanya daktari bila kuandikishwa avunja sheria; huyo ni wa polisi.

Kosa ni nini?

Mgonjwa akifa, si lazima daktari awe amekosa. Sheria huuliza mambo matatu. Je, mhudumu alikuwa na wajibu wa kumtunza? Je, alifanya chini ya vile mwenzake mwenye ujuzi kama wake angefanya? Je, madhara yalitokana na hilo? Mama mjamzito akiachwa usiku kucha bila kupimwa, na mtoto akaumia, hapo kuna swali la kujibiwa. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Milango miwili

Mlango wa kwanza ni baraza la mhudumu huyo. Unapeleka malalamiko kwa maandishi. Likimpata na hatia, laweza kumpa onyo, kumsimamishia leseni au kumwondoa kwenye rejista. Mlango wa pili ni mahakama; huko ndiko fidia hudaiwa. Waweza kupitia yote miwili.

Hapa ndipo wengi huanguka

Ukiishtaki hospitali ya serikali, sheria inakupa miezi 12 tu tangu kuumizwa. Kwa hospitali ya kibinafsi au ya misheni ni miaka 3. Usingoje baraza limalize kazi yake, maana siku za mahakama hazikungoji. Ukisema tumalize matanga kwanza, halafu tuuze mbuzi tupate pesa ya wakili, mwaka umekwisha na kesi imekufa.

Kikundi kifanye nini?

1. Mhifadhi kadi, risiti na karatasi za dawa. Mwombe nakala ya faili kwa barua, na mbaki na nakala ya barua hiyo.
2. Mwandike siku ileile: tarehe, saa, nani alihudumu, alisema nini.
3. Mama au mzee asiyesoma, au anayejua Kimaasai tu, asiende peke yake. Katibu amsindikize.
4. Mmwone wakili mapema. Kituo cha Sheria, Nairobi, husaidia wasio na uwezo.

Hatusemi tuwe maadui wa wauguzi wetu. Wengi wanajitolea usiku na mchana, na wanastahili shukrani. Lakini kosa likifichwa, kesho litampata jirani. Tafadhali someni ukurasa huu katika mkutano ujao, na kila mtu aende nyumbani akikumbuka ile miezi 12.