Tuuone Mlima kwa Pamoja



Katika vikao vya miradi ya maji, ramani mara nyingi huwa ya mtu mmoja. Mtaalamu anaisoma, wengine tunaitikia kwa kichwa. Kwetu Ruhuwiko, katika Manispaa ya Songea, hilo ni jambo la hatari. Mji wetu unategemea vyanzo vya Milima ya Matogoro, na uamuzi mbaya huko juu huwafikia walio bondeni.

Ndiyo maana tunaeleza hapa teknolojia iitwayo uhalisia ulioongezwa, yaani picha ya kompyuta kuwekwa juu ya kitu halisi. Mfano wake ni sanduku la mchanga lililobuniwa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Juu yake hufungwa projekta na kamera inayopima umbali. Ukirundika mchanga, kamera hutambua kimo chake, na projekta humulika rangi na mistari ya mwinuko. Ukitandaza kiganja juu ya mchanga, "mvua" hunyesha na maji huonekana yakishuka bondeni. Watu hulizunguka sanduku. Mmoja akihamisha kilima, wote wanaona maji yakibadili njia.

Kazi ya namna hiyo imefanyika pia bila kompyuta mezani. Mwaka 2006, huko Nessuit nchini Kenya, jamii ya Waogiek ilitengeneza kielelezo cha eneo lao la msitu wa Mau kwa tabaka za katoni. Kipimo kilikuwa 1:10,000, yaani sentimita 1 kwa kila mita 100. Wazee walieleza wanayoyakumbuka, nayo yakawekwa kwa pini, nyuzi na rangi.

Tukumbuke kwamba sanduku huonyesha umbo la ardhi na maji ya juu tu. Halijui chemchemi hukauka mwezi gani, wala shamba ni la nani. Hayo anayajua mwenyeji.

Kwa hiyo tunaziomba kamati: kabla ya kupitisha mradi, fanyeni kielelezo, hata cha udongo, na akina mama wachotao maji wawe wa kwanza kukigusa. Nanyi wafadhili, kabla ya kuuliza ni kifaa gani kinunuliwe, ulizeni ni nani waliosimama kuzunguka meza.