Joto la injini lizuiwe linapotoka

Ndugu msikilizaji, mwezi Septemba 2010 kampuni ya Ferrari ya Italia iliwataka wenye magari 1,248 ya aina ya 458 Italia wayarudishe yakarekebishwe. Baadhi yalikuwa yamekwisha kuteketea kwa moto. Chanzo kilikuwa kitu kidogo: gundi. Ndiyo iliyoshikilia kinga ya joto upande wa magurudumu ya nyuma, jirani na eksozi, na ilipopata joto la kupita kiasi iliweza kuwaka. Dawa ilikuwa kuachana na gundi hiyo na kuifunga kinga kwa ribiti za chuma.

Ikiwa kiwanda chenye wahandisi mabingwa kilipitiwa na jambo hilo, sisi tunaoongeza nguvu za magari yetu katika gereji za mitaani hatuna budi kuwa waangalifu zaidi. Juma hili, basi, tuzungumzie joto linalojaa ndani ya chumba cha injini ya gari la spoti.

Kwanza tujue linatoka wapi. Katika petroli yote inayochomwa, ni kama robo hadi theluthi tu ya nguvu yake inayosukuma gari. Sehemu kubwa ya iliyobaki hugeuka joto, ambalo hutoka kwa njia ya eksozi na ya maji ya rejeta. Kwenye injini yenye turbo iliyokanyagwa sawasawa, moshi wa eksozi hupita nyuzi 800 za sentigredi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Tone la oili au la mafuta ya breki likiangukia manifoldi iliyoiva namna hiyo laweza kuwaka bila cheche yoyote. Aidha, joto hulegeza nguvu: hewa inayovutwa na injini ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60, uzito wake hupungua kwa asilimia 9 hivi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulizuia joto pale linapotoka. Manifoldi na turbo vifunikwe kwa kinga ya bati, na kati ya bati na chuma cha moto iachwe nafasi ya kupitisha hewa. Kinga ing'aayo hurudisha mnururisho wa joto. Ndiyo sababu McLaren F1, gari la Uingereza lililozinduliwa mwaka 1992, lilitandikwa dhahabu nyembamba kwenye chumba cha injini. Sisi karatasi ya alumini yatutosha. Wako wanaoviringisha mabomba ya eksozi kwa utepe wa kuzuia joto. Utepe huo unafaa, lakini hutunza unyevu na kuleta kutu, na ukilowa oili huwa utambi. Kagua kwanza kama injini inavuja.

Kazi ya pili ni kuipa hewa njia ya kutokea. Wengi hufungua njia ya kuingilia na kusahau ya kutokea. Tundu lililo juu ya boneti ya Subaru Impreza yenye turbo, kwa mfano, huingiza hewa ya kupoza intakula. Halikuwekwa kutoa joto. Wengine huinua boneti upande wa kioo cha mbele kwa vipande vya chuma, wakidhani joto litatokea hapo. Gari likikimbia, upepo hujibana chini ya kioo, na hewa huweza kuingia badala ya kutoka. Mahali pafaapo matundu ni katikati ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, ambapo upepo unaopita juu huivuta hewa ya ndani.

Kazi ya tatu ni kutunza mfumo wa maji. Kung'oa themostati si dawa. Injini hukaa baridi mno safari ikianza, huchelewa kufikia joto lake na hula mafuta zaidi. Afadhali kusafisha rejeta, kutazama feni, na kubadilisha kifuniko kilicholegea, maana presha yake ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema.

Mwisho, ndugu msikilizaji, usizime gari mara tu baada ya kulikimbiza. Injini ikizimwa, pampu ya maji husimama na upepo hukatika, lakini chuma bado ni cha moto, hivyo joto chini ya boneti hupanda badala ya kushuka. Oili iliyobaki ndani ya turbo huungua na kuwa masizi. Endesha taratibu dakika chache za mwisho kabla ya kufika.

Mpira wa petroli uliokauka na kupasuka ubadilishwe leo, wala usingojwe mwisho wa mwezi. Bei yake ni ndogo. Gari likiwaka, huenda mtu yumo ndani. Kwa juma hili naishia hapo.